Misalaba ya Chaki kwenye Nyumba ya Mapumziko

Nyumba ile iko juu ya kilima, nje kidogo ya Kalemie, na sikuipenda hata kabla sijaingia. Wazungu wa reli waliijenga ili wagonjwa wao wapate upepo wa ziwa. Baba yangu alikuwa fundi wa reli maisha yake yote, lakini humo aliingia mara moja tu, kupaka rangi. Alipoona kiu, walimwonyesha pipa la nje. Hata hivyo alisikia maji yakianguka kwenye chumba cha kuogea mchana kutwa, na pampu hakuiona mahali popote. Alituhadithia jambo hilo mara nyingi, kila mara kwa hasira.

Mimi ni fundi wa mabomba. Kazi hii sikufundishwa na mtu. Niliisoma katika kitabu cha Kifaransa kisicho na jalada, kamusi ikiwa kando, kwa miaka kadhaa. Nilichokielewa ni kwamba maji hayapandi yenyewe. Kama yalianguka bila pampu, basi chemchemi iko juu ya nyumba, na chemchemi haikupanda treni kuondoka pamoja na wazungu. Watu wa avenyu yetu, chini ya kilima, wanachota ziwani. Kila masika kipindupindu kinaingia, na masika yaliyopita kilimchukua mke wa jirani yangu wa mbele. Niliwaambia majirani kwamba huenda maji safi yapo kilimani. Halafu nikapanda Jumamosi asubuhi, peke yangu, na futi ya utepe, kaye ya kuandikia, penseli na chaki.

Hakukuwa na uzuri wowote wa kusimulia. Mabati yalikuwa yameng'olewa, milango imekuwa kuni, na kwenye baraza walipokuwa wakilala wagonjwa kulianikwa dagaa. Ndani kulikuwa na familia ambazo ziwa lilizitoa kwenye nyumba zao lilipopanda. Niliwasalimia. Mwanamume mmoja aliyekaa kwenye ngazi aliniangalia toka viatu hadi kofia. Nikaona hakuna haja ya kuomba ruhusa kwa watu ambao nao hawakuomba. Hilo nalikiri, kwa sababu huko ndiko yote yalikoanzia.

Nilianza upande wa mashariki. Kila mahali bomba la zamani lilipoingia ukutani nilipima kimo kutoka sakafuni, nikaandika kwenye kaye, kisha nikachora msalaba wa chaki ili nisipime mara mbili. Ndivyo ninavyofanya kazi siku zote. Nilikuwa nimefika msalaba wa tisa mwanamke alipotoka chumba cha kuogea, mchi mkononi.

"Papa, unaandika nini kwenye nyumba yangu?"

"Siandiki, Mama. Ninafuata bomba."

"Bomba gani? Muntu anakuja na metri, anakuja na kaye, anaweka musalaba kwenye ukuta, halafu anasema bomba!"

Yule wa kwenye ngazi alisimama. "Njo vile walianza kule chini. Leo musalaba, kesho tingatinga."

Hapo nikaelewa nilichokifanya. Mji mzima unajua maana ya msalaba kwenye ukuta: nyumba itavunjwa. Mimi pia nilijua. Kichwa changu kilikuwa kwenye vipimo.

Niliwaeleza kwamba mimi si mtu wa Leta, yaani serikali, wala si mpima viwanja. Kadiri nilivyoeleza kwa utaratibu, ndivyo nilivyozidi kufanana na mtu wa ofisi.

"Mumuache, ni padri," mtu akasema nyuma yangu. "Anabariki kuta."

"Basi abariki na mulango, atoke!"

Walicheka, lakini hakuna aliyenipisha. Mwanamke alinyoosha mchi kuelekea msalaba wa kwanza. "Futa."

"Nipeni kitambaa."

"Si uko na shati?"

Nikavua shati mbele ya watu wote, mimi mtu mzima mwenye wajukuu. Plasta ilikuwa ya kukwaruza na chaki ilikuwa imeingia ndani. Kusugua kukavu hakukusaidia kitu. Mwanamke akaingia, akarudi na beseni la maji, akalitua miguuni pangu kwa nguvu hadi yakanirukia.

Nikatumbukiza mkono. Yalikuwa baridi. Maji ya ziwa saa sita hayawi hivyo, na anayeyapandisha kilimani kichwani hamwagii mgeni kwa hasira. Nilitazama pembeni: hakukuwa na bidoni hata moja ya kuchotea maji mlangoni. Nilipoinua macho, mwanamke alikuwa akinitazama. Aliona kwamba nimejua.

Aliwaambia wengine watoke, akanivuta mkono hadi ndani ya chumba cha kuogea. Nyuma ya magunia ya muhogo kulikuwa na birika la kuogea la vigae, na juu yake bomba lililokatwa, likitoa maji membamba yasiyokatika.

"Sasa umeona. Ukisema kule chini, kwanza watakuja wa bidoni. Halafu mukubwa mumoja atasema hii njo parseli yake, hati anayo. Sisi utatupeleka wapi? Kwetu samaki wanapita chumbani."

"Kwetu watu wanakufa, Mama."

"Na kwetu walikufa. Ulikuja kutupa pole?"

Niliyapima yale maji kwa macho, na ningependa kuandika kwamba hayakutosha. Yalitosha. Kwa tangi moja la saruji yangewafaa wao na avenyu yetu. Nilimwambia hivyo.

"Tangi," akasema. "Papa, wewe jenga tangi, wakija kutufukuza utakuwa wapi? Utakuwa unapima."

Akanyoosha mkono kuomba kaye. Nikachana kurasa zote mbili za vipimo, nikampa. Hakushukuru. Alizitia motoni chini ya sufuria, na mimi nikamaliza kufuta misalaba iliyobaki, nikashuka na shati bichi mwilini.

Jirani yangu wa mbele, yule aliyefiwa na mkewe, alikuwa akinisubiri kwenye uzio. "Papa, kuna maji?"

"Bomba lilikufa zamani."

"Mabomba yote unayoyajua, hilo moja tu njo lilikufa?"

"Limekufa."

"Apa." Akasogea karibu. "Apa kwa yule tuliyemuzika wote wawili."

Nilikuwa nimebeba jeneza lile kwa bega la kulia. Nikaanza kukamua pindo la shati. Alisubiri muda ambao mtu anahitaji kutamka kiapo, kisha akatema mate chini na kuingia kwake.

Jumatatu alfajiri niliona bidoni za njano zikipanda kilima, wanaume mbele, jirani yangu akiwa wa kwanza, baadhi yao wameshika fimbo. Hakuna aliyeniita, ingawa mimi ndiye fundi. Nilibaki uani na kusikiliza kelele zilipoanza kule juu.