Gereji ya Majivu

Nilipostaafu ualimu nilitaka kujenga gereji kando ya nyumba yetu hapa Voi, yenye meza ya useremala ndani. Nilichora ramani, nikaipenda sana. Mke wangu aliitazama akaniuliza, "Baba watoto, kweli pikapu yetu itatoshea?"

"Itatoshea na nafasi ibaki."

Alileta majivu ya jikoni, akachora kuta zangu zote kwenye udongo mwekundu wa uani, kwa vipimo vyangu mwenyewe. Kisha akaniambia niingize gari.

Niliingia vizuri. Nilipofungua mlango wa gari tu, akapiga kelele, "Huo ni ukuta!" Nikajaribu mlango wa pili. "Na hapo ni meza yako!"

Nikabaki ndani ya gari, jua likinichoma, nikikataa kushindwa. Jirani akachungulia juu ya ua, akauliza kama niko salama.

"Amefungiwa gerejini," mke wangu akamjibu, huku akicheka mpaka akakaa chini.

Mwishowe nilibomoa ukuta kwa kiatu, nikatoka. Tulichora upya pamoja, meza tukaihamishia nje, kwenye kibaraza chenye paa la mabati. Ndipo ninapopigia mbao randa sasa, upepo kutoka vilima vya Sagalla ukinipunguzia joto.