Filimbi ya Gari la Méthode

Hakimu wa Penrith alipomaliza kusema, mkalimani aliyekuwa kwenye simu alivuta pumzi, kisha akamwambia Méthode kwamba gari lake litafungwa mwaka mzima. Méthode akaduwaa. Aliyekunywa ni yeye, aliyesimamishwa na polisi akitoka kwenye harusi ya shemeji yake ni yeye, sasa gari limekosa nini? Alirudi nyumbani St Marys akamweleza mkewe kwamba Australia wamemwachia mtu na kulifunga gari. Thacienne, ambaye siku hiyo hakuwa na hamu ya kucheka, akamwuliza ni nani atakayelipelekea chakula.

Kumbe mkalimani alimaanisha kufungwa kifaa. Miezi ya kunyang'anywa leseni ilipokwisha, fundi mmoja mzee aitwaye Maxwell akakipachika karibu na usukani: kidude cheusi chenye waya, mdomo wa plastiki na kamera ndogo inayokukodolea macho. Usipokipulizia, gari haliwaki. Kikinusa pombe kinakataa, kinakupiga picha, na habari zako zinakwenda kwa wenye nchi. Nyumbani wakakiita filimbi, maana kila kitu kinachosumbua lazima kipewe jina.

Méthode hakuwa mlevi wa kuokotwa mitaroni. Alikuwa Mrundi wa makamo, mpole, aliyekulia katika kambi za wakimbizi huko Kigoma, na sasa kazi yake ilikuwa kupanga mizigo ghalani. Bia zake zilikuwa za Jumamosi, na za harusi. Thacienne yeye alikuwa hajaonja pombe tangu azaliwe. Alitunza wazee katika nyumba moja huko Penrith, na kanisani aliongoza maombi ya akina mama. Siku filimbi ilipofungwa alimwambia mumewe maneno machache tu.

"Baba Elvire, aibu moja nimeibeba. Ukirudi kunywa, mimi na watoto tunahamia kwa dada yangu Parramatta. Sitapiga kelele. Nitaondoka."

Méthode alimjua mkewe. Mwanamke wa kelele unaweza kumbembeleza, lakini huyu akisema ataondoka kimyakimya, basi ujue ameshafikiria hata godoro lipi la kubeba. Akaacha bia siku hiyohiyo, na aliiacha kweli.

Thacienne naye hakumwacha apambane peke yake. Akamtengenezea togwa, kama alivyofundishwa kambini na jirani Mtanzania: uji wa mtama uliopoa, kimea cha ulezi kutoka duka la Wahindi, ndoo yenye mfuniko, basi. Kwa walokole wa kule, togwa ndicho kinywaji cha harusi, cha mgeni na cha mtoto. "Kiu ya bia ikikushika, kunywa hili," alimwambia, na kila asubuhi akamjazia kikombe kikubwa, naye akajimiminia chake. Ndoo ilikaa gereji. Januari ilipoingia na mabati ya St Marys yakaanza kulia kwa joto, togwa likazidi kunoga, likawa linawasha ulimi kwa mbali. Méthode alilipenda. Alimsifia mkewe mpaka mama wa watu akaona haya.

Siku ya kwanza filimbi ilipokataa, Méthode alidhani amepuliza vibaya. Alikuwa ametoka tu mezani, anampeleka Thacienne kazini. Akapuliza, ikalia, maandishi mekundu yakatokea. Wakangoja garini. Baada ya muda akapuliza tena, ikakubali, gari likawaka kana kwamba hakuna kilichotokea. Thacienne alimnusa kidogo, akidhani mumewe haoni.

Ikawa hivyo: leo inakataa, kesho inakubali, kesho kutwa inakataa. Akichelewa kutoka, inakubali. Akiwahi, inakataa. Akirudi jioni kutoka ghalani, haina shida naye. Méthode alijikuna kichwa mpaka pakauma. Akaacha manukato. Akaacha dawa ya kusukutua. Akaacha hata kupaka mikono ile dawa ya kuulia vijidudu iliyowekwa mlangoni pa ghala. Hakuna lililosaidia. Akaanza kuwaza mambo ambayo mtu mwenye akili timamu hawazi: labda ile bia ya harusi bado imo mwilini, inatoka kidogo kidogo. Labda ninaamka usingizini nakwenda kunywa. Asubuhi akawa anakagua viatu vyake kuona kama vina matope. Aliogopa, na kilichomtisha zaidi ni kwamba hakujua anaogopa nini.

Akamrudia Maxwell. Mzee yule akakipima kifaa, akasema ni kizima. Akamwuliza kwa Kiingereza kama anakunywa pombe, Méthode akakana. Dawa ya kusukutua? Akakana. Kisha Maxwell akamtazama usoni akasema neno lililomshangaza Méthode kuliko yote: "Kumbuka?"

Mzungu wa watu kajifunza wapi Kiswahili? Méthode akaguswa moyo. "I am trying, boss," akajibu. Najitahidi.

Maxwell akatikisa kichwa. Akamwambia asijitahidi, aache kabisa. "No kumbuka," akasisitiza, huku akimpigapiga bega.

Méthode alirudi nyumbani amechanganyikiwa kupita alivyokwenda. Mtu anakuuliza kama unakumbuka, ukisema unajitahidi anakukataza kukumbuka. Akamsimulia mkewe hivyohivyo, neno kwa neno.

"Amekwambia usikumbuke?" akauliza Thacienne.

"Ndivyo alivyosema."

"Kwa Kiswahili?"

"Kwa Kiswahili, Mama Elvire."

Thacienne akakunja kanga yake taratibu. "Baba Elvire, bora ungenyamaza kuliko kunitungia hadithi."

Jumapili iliyofuata Méthode alikuta sanduku limesimama mlangoni. Hakuhitaji kuuliza. Baada ya ibada, gari lingekwenda Parramatta na kurudi na mtu mmoja. Alikunywa togwa lake kwa sababu alipewa, kisha akaipakia ndoo ndogo ya togwa ya akina mama wa maombi kwenye buti, na kando yake akaliweka lile sanduku. Elvire, binti yao wa sekondari, alikuwa kiti cha nyuma na simu yake. Méthode akapuliza. Filimbi ikakataa.

Kwa mara ya kwanza Thacienne hakumnusa. "Toka hapo," akasema. "Apulize mtu safi. Leseni ninayo."

Ilibidi wangoje mpaka kifaa kikubali kujaribiwa tena. Wakati wanangoja, Thacienne akaingia ndani, akamalizia kikombe chake alichokuwa amekiacha mezani, akarudi akijipangusa midomo. Akakaa kwenye usukani, akaweka kilemba sawa kwa ajili ya kamera, akapuliza kwa pumzi ya mtu aliyezoea kuongoza nyimbo.

Filimbi ikalia. Maandishi yakawa mekundu. Kamera ikampiga picha.

Méthode alidhani angefurahi, lakini aliogopa zaidi. Mawazo yake yote ya usiku yalimhama yeye yakamwingia mkewe: labda ni yeye anayeamka usingizini. Akasikia kinywa chake kikisema, kwa upole kabisa, "Mama Elvire, tangu lini?"

Thacienne akamgeuzia uso. Ulikuwa ni uso ambao Méthode aliujua vizuri, kwa kuwa alikuwa ameuona kwenye kioo kwa wiki nyingi.

"You guys been drinking kombucha or something?" akauliza Elvire bila kuinua macho kutoka kwenye simu.

Méthode akageuka. "Neno hilo. Maxwell alisema neno hilo. Kukumbuka nini?"

"Not *kumbuka*, Dad. Kombucha. Ni drink." Elvire akahangaika na Kiswahili chake. "Ni chai, wanaiacha siku nyingi, inachacha, inakuwa na pombe kidogo. Like Mum's togwa."

Wote wawili wakageuka kutazama nyuma, kwenye buti, ambako ndoo ya akina mama wa maombi ilikuwa imeanza kuinua mfuniko wake yenyewe.

Thacienne akashuka. Akaimwaga ndoo yote kwenye majani kando ya uzio, akalitoa sanduku, akalirudisha ndani mwenyewe. Aliporudi alikuwa na chupa ya maji. Akampa mumewe asukutue, naye akasukutua, wakangoja wameegemea gari. Alikuwa analia, na hakujificha.

"Niliiamini mashine," akasema. "Wewe sikukuamini, na mimi ndiye niliyekuwa nakunywesha."

Méthode aliichukua ile chupa mkononi mwake, akaifunga.

"Hata mimi," akasema, "nilikuwa nimeshaanza kuiamini."