Nilivyomshukuru Depite kwa Sheria Ambayo Haipo

Chekeni mapema mumalize, ndipo niwasimulie, maana Muyinga wameshacheka mpaka wamechoka, na hata watoto wakiniona nashuka kwenye basi wananiita Mama Sheria. Mimi! Mtu ninayeitwa kwenye harusi za watu kuanzia Magarama mpaka Bugendana kwa ajili ya huu mdomo, leo mdomo huohuo ndio umenimaliza.

Mnajua nauza vitenge hapa Gitega, lakini kwetu ni Muyinga, na baba alipofariki aliacha shamba la migomba ambalo kaka yangu Saidi amelikalia lote. Mi mjane, chumba cha kupanga, mgongo nao umeanza kulalamika. Nilikuwa naomba kile kipande cha nyuma tu, nipate pa kuzeekea. Saidi akaniambia mtoto wa kike harithi ardhi, ndiyo mila. (Saidi huyu msikitini anakaa safu ya mbele, na dini yetu inampa binti fungu lake, lakini tukifika kwenye migomba anageuka mtu wa mila. Si achague moja!) Na sheria ya kunisaidia hamna, tunaisikia inazungumzwa tu, inazungumzwa, mpaka tunazeeka.

Basi depite wetu (mbunge, kwa wasiotuzoea) akamaliza sesio yake, vile vikao vya bungeni, akataka kuja Muyinga kuwaambia watu mambo aliyoyafanya. Msaidizi wake, Paskali, akanipigia telefoni.

"Mama Rama, we unajua kusema. Uje umshukuru mheshimiwa kwa niaba ya wanawake."

Akanitajia ya kushukuru: sheria ya vyama vya ushirika, soko, barabara, umeme wa huko vilimani. Nikamuuliza, "Na ile ya mabinti kurithi?"

"Iyo iko bado, Mama. Hata haijaongelewa."

Kwa hiyo nilijua. Ndiyo maana naumia, hakuna aliyenidanganya.

Sasa sikilizeni akili yangu ilivyonituma. Kwenye mahari zetu, upande wa bwana wakisema ng'ombe yuko njiani, sisi wasemaji hatusemi tunamsubiri, tunasimama papo hapo tunamshukuru kama ameshafika, tunamtaja rangi, tunamsifia pembe, watu wanapiga makofi, mkwe anaona haya, na hazipiti siku nyingi ng'ombe anaingia uani. Nimeingiza ng'ombe wengi hivyo, mnanijua. Nikajiambia, sheria nayo nitaivuta vilevile. Nitamshukuru mbele za watu, atashindwa kurudi nyuma. Nikakata kitenge changu kizuri kabisa dukani, nikashona, nikaenda.

Saidi alikuwa mbele, amekaa na wakubwa wa kilima, yaani wa kijiji, kofia nyeupe, soda mkononi. Nikapewa mikro, kile kipaza sauti. Nikashukuru soko, nikashukuru barabara, makofi ya kawaida tu. Halafu nikavuta pumzi.

"Na zaidi ya yote, mheshimiwa, tunakushukuru kwa kutuletea sheria ya mabinti. Kuanzia sasa binti wa Muyinga anakaa kwenye shamba la baba yake na hakuna wa kumtoa!"

Yoo! Vigelegele vilivyopigwa pale sijawahi kuvipata kwenye harusi yoyote. Wanawake walisimama, kuna bibi alitupa fimbo akaanza kucheza, na depite mwenyewe (hapa ndipo ninapotaka mnisikilize vizuri) alinitazama, akatabasamu, akasimama, akawapungia watu mikono yote miwili. Aliyapokea yale makofi! Nikamwangalia Saidi, soda imesimama mdomoni. Moyoni nikasema, nimemnasa.

Akatokea mama mmoja, mtoto mgongoni, akaja mpaka mbele. Generoza, jina lake nilikuja kulijua baadaye.

"Mheshimiwa, asante sana. Kaka zangu wamenifukuza nyumbani. Sasa niende kwa nani na iyo sheria? Nianzie wapi?"

Depite akamgeukia Paskali, Paskali akatazama viatu vyake. Halafu depite akachukua mikro, akacheka.

"Iyo sheria mi sikuisema. Huyu mama yetu ni mtu wa maharusi, amezoea kusifia bibi harusi hata kama si mzuri."

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Kama ingeishia hapo ningevumilia, lakini Saidi naye akasimama, "Mheshimiwa, umusamehe, ni dada yangu. Anataka shamba la baba, ndiyo maana anajitungia sheria!" Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Nikapaza sauti, "Mbona ulipunga mikono?" lakini bila mikro nani angenisikia? Paskali alinishika kiwiko akaniketisha kama mlevi.

Kicheko nilikizoea. Generoza ndiye aliyenivunja, alinipita akienda zake, akasema polepole, hata hasira hana, "Mama, mi nilikuwa nimeshaamini."

Saidi hakungoja. Kile kipande cha nyuma chote amekipanda mikaratusi, na mnajua mti huo ukishika ardhi migomba ndiyo basi. Sina tena cha kuomba.

Na juzi niko dukani, redio inaongea, nasikia sauti ya depite anaeleza kazi za sesio. Soko, barabara, umeme. Halafu akasema amewahamasisha wanawake wa Muyinga juu ya haki ya urithi, na kwamba walifurahi mpaka wakacheza. Mteja wangu akatikisa kichwa, "Mna bahati nyie, depite anayejali wanawake." Nilimkatia kitenge chake, nikakosea kipimo.

Jumamosi niliitwa harusi Bugendana. Mkwe akasema ng'ombe yuko njiani, wote wakanigeukia nisimame nishukuru. Nikasimama nikawaambia, "Akifika, mtaniita." Nikakaa. Tangu siku hiyo simu yangu ya harusi haijalia, na isilie, mi sishukuru tena kitu ambacho sijakishika kamba kwa mkono wangu.