Aliyekaa Mwinukoni

Uwanja ule wa ndege wa Ifakara ulikuwa na mgongo katikati. Ukisimama kwenye banda, ndege zinakopakiwa, huoni mwisho wa pili, ule wa kuelekea mtoni. Mnara wa kuongozea ndege haukuwepo. Kulikuwa na soksi ya upepo, banda la mabati, na Mzee Hermenegildi, mlinzi, mwenye mshahara. Juu ya mwinuko, pembeni kwenye majani, kulikuwa na mkewe Balbina, asiye na mshahara.

Utaratibu waliutunga wenyewe, mwaka themanini na tano, baada ya ndege kugonga ng'ombe. Kutoka mwinukoni Balbina aliona ncha zote mbili na anga lote la upande wa mto. Akikaa, njia nyeupe. Akisimama, subiri: kuna ng'ombe, kuna mtu, kuna ndege inashuka. Marubani walizoea. Mgeni akija, wenzake walimwambia amtazame mama kwanza. Redio walikuwa nazo, lakini redio humfaa anayeisikiliza, na wengine walikuwa na haraka kuliko masikio yao.

Mara mbili Hermenegildi alikwenda idara ya viwanja vya ndege kuomba mkewe aandikwe, apewe hata posho. Mara mbili akaambiwa nafasi hiyo haipo na mtu huyo hayupo kwenye orodha. Alirudi akamweleza. Balbina akacheka, akakunja mkeka wake, akaenda kazini.

Pasaka ya mwaka tisini na sita, homa ikamchukua. Siku nne tu.

Hermenegildi hakusema mengi msibani, na baadaye alisema machache zaidi. Ila kila rubani aliyeshuka alimwambia: mama hayupo tena, kabla hujaondoka nipe muda nipande mwinuko nikaangalie. Hatua mia nne, na goti bovu. Wengi walimngoja.

Edward aliambiwa pia. Huyu alikuwa kijana wa ndege za kukodi kutoka Dar es Salaam. Aliambiwa huku akitazama saa.

Alhamisi moja ya mwezi wa sita alikuwa na wageni watatu waliochelewa njiani kutoka Mang'ula, nao walikuwa na ndege ya Ulaya jioni ile. Hakusalimia. Upepo ulitoka upande wa banda, kwa hiyo ilimpasa aende mpaka mwisho wa mtoni, ageuze, aruke akiupokea usoni. Yeye akaamua kuanzia hapohapo bandani, upepo ukiwa mgongoni, aokoe dakika tano. Mzee akamwambia angoje akatazame.

"Utazame nini? Si yule mama kakaa pale?"

Hermenegildi akageuka. Kweli, mwinukoni kulikuwa na mwanamke amekaa. Akapiga hatua mbili kumwelekea, kisha akamtambua kwa nguo yake ya bluu. Ni Kabula, mke wa Mashimba, mfugaji wa Kisukuma. Alikuwa anakwenda mjini na maziwa yake, akaketi kupumzika.

"Huyo siye," mzee akasema. "Mama yuko kaburini tangu Pasaka. Nilikwambia."

Edward alikwishafunga mlango.

Ndipo mzee akasikia mngurumo mwingine, wa chini, ukitokea mtoni. Aliujua. Ni Amedeus, rubani wa ndege ya madaktari, anashuka akiupokea upepo kama inavyotakiwa. Wawili hawa wangekutana mgongoni pa uwanja, uso kwa uso.

Edward alipokuwa akigeuza ndege, mzee akakata njia majanini, akasimama katikati ya uwanja, mikono wazi. Edward alimwona ndege ikiwa imeshaanza kukimbia. Akafunga breki, ndege ikaserereka mpaka kwenye mtaro, gurudumu likapinda. Pale pale Amedeus akatokeza juu ya mwinuko, akaona, akapandisha tena ndege yake, akapita juu ya vichwa vyao. Hakuna aliyeumia. Wageni wakakosa ndege yao.

Wiki mbili baadaye akaja ofisa wa idara, na karani wake Tadei, na kidau cha wino. Walikuja na ndege ya Amedeus. Tadei akamsomea mzee karatasi: kwamba rubani aliondoka baada ya mwangalizi wa mwinukoni kutoa ishara ya njia nyeupe, kwamba mwangalizi alikosea, kwamba mlinzi aliingia uwanjani kwa kuchanganyikiwa.

"Weka dole gumba, mzee, uendelee na kazi," ofisa akasema kwa upole. "Marehemu hafukuzwi kazi."

Hermenegildi akakisogeza kidau pembeni.

"Nilikuja kwenu mara mbili yuko hai, mkasema hayupo," akasema. "Leo amekufa, ndiyo mnamwona amekaa?"

Ofisa akaeleza kwamba ni karatasi tu, na kuandika nyingine hawana muda, saa tisa anatakiwa Morogoro. Mzee akakunja kidole chake. Ofisa akamwambia basi, kazi hana. Mzee akavua shingoni filimbi yake ya ulinzi, akaiweka mezani.

Ofisa akapanda ndege. Amedeus hakuwasha injini. Akauliza mwinukoni yuko nani. Ofisa akamkumbusha kwamba ana redio. Amedeus akasema hata siku ile alitangaza redioni kwamba anashuka, na Edward hakusikia. Haondoki mpaka mtu awe juu kule. Wote wakamtazama mzee.

"Mimi si mlinzi," mzee akasema.

Akatumwa Tadei, na viatu vyake vya mjini. Alipofika juu akabaki anazungusha shingo. Hakujua atazame wapi, wala asimame au akae. Ofisa akashuka, akamwendea mzee, na kwa mara ya kwanza siku ile akasema shikamoo. Akamwomba amwelekeze kijana.

"Mwandikeni kwanza."

"Nani?"

"Balbina. Miaka kumi na moja, bila hata senti. Na kwamba siku ile hakuwepo."

Ofisa akatazama saa. Akaitoa karatasi, akaigeuza upande usioandikwa, akapapasa mifuko. Kalamu ilikuwa kwa Tadei. Akaita, upepo ukairudisha sauti. Ikabidi apande mwinuko mwenyewe.