Mama Wanne na Shoka la Watani

Wiki chache zilizopita binti wa mdogo wangu alipanda mlima kuja kunisalimia, ameshika karatasi kubwa aliyoiviringisha kama mkeka. Anasoma chuo Dar es Salaam. Tulipomaliza kula aliitandaza sakafuni, akaikandamiza pembe kwa vikombe vya chai, akanionyesha ukoo wetu alivyouchora kwa umbo la mti. Kwenye shina babu wa baba yetu, juu yake babu, kisha baba, kisha sisi ndugu wanne tumetawanyika kama matawi.

"Mama mkubwa, hapa nimekwama," akasema, kidole kwenye shina. "Kabla ya huyu alikuwepo nani?"

"Umechora vizuri, mwanangu," nikamwambia. "Lakini hao wote ni wageni."

Akacheka, akidhani natania. Sikumlaumu. Kosa hilo hilo nililifanya mimi nikiwa na miaka kumi na minne, tena mbele ya wazee, na nusura litunyang'anye shamba.

Sisi tulizaliwa mjini Morogoro, ndugu yangu, katika chumba kimoja nyuma ya soko. Baba alikuwa mtu wa kiwandani. Alipofariki, mama alitufungia vitu vyetu kwenye shuka mbili, akatupandisha mlimani kwa mama yake, juu ya misheni. Nilidhani tumekwenda mwisho wa dunia. Asubuhi ukungu uliingia ndani kama mtu wa nyumba ile, ukakaa mpaka jua lilipoufukuza. Bibi alipika magimbi kwenye chungu kilichofunikwa kwa jani la mgomba, na moshi wa kuni mbichi ulitutoa machozi mpaka tukazoea. Chumvi aliificha kwenye kibuyu juu ya dari na kuigawa kwa ncha za vidole viwili. Nilijifunza kulima ubavuni mwa mlima, pale ambapo mguu mmoja unasimama juu na mwingine chini, na kushuka na tenga la kabichi kichwani tangu alfajiri ili nifike sokoni kabla majani hayajanyauka.

Bibi alituacha mwaka wa pili. Mama naye akaugua homa wakati wa mvua za masika, hakuinuka. Mimi nilikuwa darasa la sita. Wadogo zangu walikuwa watatu, wa mwisho bado anaita uji "uzi". Mwalimu alipanda mara mbili kuja kunirudisha shuleni. Mara ya kwanza alifoka. Mara ya pili alinikuta nimezungukwa na wadogo na ungo wa njegere, akakaa chini, akamenya njegere na sisi mpaka zikaisha, akaondoka bila kusema neno la shule. Nilimheshimu zaidi kwa siku hiyo kuliko kwa hesabu zote alizonifundisha.

Tulichokuwa nacho ni bonde dogo chini ya nyumba, lenye chemchemi isiyokauka. Zamani hakuna aliyelitamani, maana lilikuwa na baridi na matope, na mboga zake ungemuuzia nani? Lakini hiyo ilikuwa miaka ile watu walipoanza kusema kila kitu ruksa. Mitumba ilimwagwa sokoni kwa marobota, maduka yakajaa sabuni, na malori ya wafanyabiashara kutoka Dar yakaanza kusubiri chini ya mlima, yanataka karoti, yanataka kabichi, yanataka njegere hata kiangazi. Na kiangazi, mlima mzima, penye maji palikuwa kwetu.

Matanga ya mama yalipoisha, mjomba akaja. Alikuwa mtoto wa dada wa bibi, dada wa kiukoo si wa tumbo moja, na ndiye mkubwa wa ukoo. Alikunywa uji wetu, akafuta mdomo, akasema kwa upole kabisa, "Wanangu, bibi yenu hakuzaliwa hapa. Aliletwa na njaa. Alikuwa mtoto wa kuokotwa, akalelewa. Nawahurumia, lakini bonde ni la ukoo."

"Na sisi ni wa nani, mjomba?" nikamuuliza.

"Hilo ukawaulize kina baba yenu."

Akaitisha kikao. Walikaa wazee sita na mabibi wawili, kwenye viti vya kukunja vilivyoazimwa kanisani. Wakaniambia nijitaje, nioneshe nilivyounganika na mwenye kulifyeka bonde. Nikasimama kama nilivyofunzwa shuleni, mikono ubavuni, nikataja jina langu, la baba, la babu, na la babu wa baba, kwa sauti, bila kukwama. Nilijiona nimeshinda.

Kicheko kilichotoka pale nakisikia mpaka leo. Mjomba alicheka mpaka akashika mbavu.

"Umetutajia wageni watupu!" akasema. "Mtoto wa mjini huyu. Mwanangu, hao walikuja kuoa wakapewa chakula. Sisi tunataka mama zako."

Ilikuwa kweli. Kwetu Uluguru mtoto ni wa ukoo wa mamaye, na ardhi inashuka kwa mama, na kwa mama wa mama. Baba tunampenda na tunamlilia, lakini kwenye ardhi ya mkewe ni mgeni aliyekaribishwa vizuri. Mimi niliyajua hayo kama mtu anavyojua kuna bahari. Shuleni fomu zote ziliniuliza jina la baba, na nikasahau kwamba mlima hausomi fomu.

Nilimjua mama, nilimjua bibi. Zaidi ya hapo ukuta. Bibi mmoja pale kikaoni alinionea huruma, akasema nipewe muda mpaka njegere zivunwe. Nirudi na mama wote mpaka kwa aliyefyeka, na nije na shahidi asiye wa ukoo wetu. Mjomba akakubali haraka mno. Alijua wanaokumbuka wote walikuwa upande wake au kaburini.

Nilianza misheni. Karani wa parokia alinifungulia kitabu kikubwa chenye harufu ya mende na mafuta ya taa, akapitisha kidole polepole, akampata bibi. Tarehe ya ubatizo ilikuwepo, na jina la baba yake kwa mwandiko mzuri. Mahali pa mama paliandikwa neno moja, mpagani.

"Mpagani hana jina?" nikamuuliza.

"Ndivyo walivyoandika, binti."

"Basi hawakuandika."

Alinitazama juu ya miwani, akafunga kitabu, lakini hakunikemea. Nilizunguka vijiji vitatu. Wazee walinikaribisha, wakanipa maji, wakaniambia mjomba wako ndiye anayejua. Njegere zilianza kujaza maganda. Jioni moja jirani yetu, mama aliyekuwa akitugawia majivu ya mbolea, alinikuta nimekaa ukingoni mwa bonde, jembe magotini.

"Unatafuta waliokufa kwa watu wanaowasifu," akasema. "Watafute kwa anayewatukana. Mtani wenu yuko wapi?"

Kama hujui utani wetu, nikueleze kidogo. Kila ukoo una ukoo mwingine wa watani. Mkifiwa, mtani ndiye anayeosha, ndiye anayechimba, na ndiye anayemtukana marehemu mbele ya wafiwa wote, na hakuna anayeruhusiwa kukasirika. Huzuia jeneza mlangoni, hudai alichoibiwa na mababu zenu, huwasema mpaka mcheke na machozi usoni. Mtani wetu alikuwa bibi mmoja mrefu. Alimfuata mwanawe aliyefanya kazi relini Kingolwira, na mama alipokufa hakuna aliyempelekea habari.

Niliwaacha wadogo kwa jirani, nikashuka, nikafuata reli kwa miguu. Nilimkuta karibu na stesheni, anachoma mihogo kwa ajili ya abiria.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Nani wewe mwenye miguu kama mipini ya jembe?"

"Mimi mtani wako."

"Watani wangu wote ni wezi wa kuku. Wewe ni wa mwizi yupi?"

Nikamtajia mama, na kwamba amekufa. Aliuweka chini muhogo aliokuwa ameushika. Akaniuliza kwa ukali, "Nani alimtukana?"

"Hakuna, bibi. Walisali tu."

"Hakuna! Mmemzika kama gunia!" Akaanza kulia pale pale, kwa sauti, na katikati ya kilio akaanza kumtukana mama yangu: mvivu wa kuamka, mpenda khanga mpya, mwimbaji asiyejua kuimba. Yote yalikuwa kweli. Nililia na kucheka kwa mara ya kwanza tangu tumzike. Na alipomaliza na mama hakusimama. Akapanda kwa bibi, mchoyo wa chumvi. Akapanda tena. "Na mamaye yule, aliyekimbia njaa na sufuria kichwani, tumbo hili hapa, akavuka mlima kwenda kulamba masufuria ya watu! Akarudi na mtoto mgongoni, sufuria hana! Na mamaye huyo, mwenye vidole sita, aliyekuja kuazima shoka kwetu akafyekea lile bonde lenu, shoka hakurudisha mpaka leo!"

Nilisimama kama niliyemwagiwa maji. Mama wanne, mmoja mgongoni mwa mwingine. Bibi aliletwa na njaa, ndiyo, lakini aliletwa na mama yake mzazi.

"Bibi," nikasema, "twende mlimani ukayaseme hayo."

"Miguu yangu imekwisha."

"Nitakubeba."

"Wewe? Utaniangusha niwe maiti, halafu nani anitukane?" Lakini tayari alikuwa anafunga mihogo yake.

Tulipanda siku mbili. Pale penye mwinuko mkali nilimbeba kweli, na hakuacha kunisimanga hatua hata moja. Kikao kilipokaa, mjomba alikuwa na shati jipya la mtumba na kofia. Mtani hakusubiri kukaribishwa. Alimwendea, akamsimamia.

"Nasikia bonde ni lako."

"Ni la ukoo, na mimi ndiye mkubwa."

"Vizuri. Leta shoka langu."

Watu wakaanza kucheka. Mjomba naye akacheka, lakini kofia alishaivua.

"Shoka gani, mtani?"

"Bibi wa mama yako, mwenye vidole sita, alifyeka bonde kwa shoka letu. Bonde ni lako, shoka ni lako. Lilete. Usipolileta nalala hapa, mtanilisha mpaka nife, na mtanizika nyinyi!" Akajilaza kweli, katikati ya kikao, khanga usoni.

Walicheka mpaka mabibi wakapiga vigelegele. Mjomba aliona anachezewa, hasira ikampanda. "Shoka halikuwa kwetu!" akafoka. "Kila msiba unakwenda kulidai kule kule chini! Mwenye sufuria ndiye aliyerithi bonde na shoka lake, mama yangu hakulishika! Ulimdai bibi yao mlangoni siku ya kumzika mwenye sufuria, nilikuona kwa macho yangu!"

Kicheko kikakatika. Nilisikia maji ya chemchemi. Yule bibi aliyeniombea muda akamgeukia taratibu.

"Kwa hiyo mwenye sufuria alikuwa binti wa mwenye vidole sita, na bonde likawa lake. Na bibi yao hawa alikuwa nani kwake, mpaka adaiwe?"

Mjomba akaanza kuizungusha kofia mikononi. Mtani akafunua khanga jicho moja. "Msaidieni," akasema, "ulimi umekwenda kuazima."

Hapo nikasimama. Safari hii mikono yangu haikuwa ubavuni. Nikawataja mama zangu wanne kwa majina, kutoka kwangu mpaka kwa mwenye shoka, nikimtazama mjomba usoni. Majina hayo sitayaandika hapa. Ni ya kutajwa kule, penye ardhi yao. Tulivuna njegere zile wenyewe, na bonde lile ndilo lililowasomesha wadogo zangu wote watatu. Mimi sikurudi shule. Sijutii, na sipendi kuonewa huruma kwa hilo.

Mjomba ameshakwenda, na nilimlilia, maana alikuwa mjomba. Watoto wa dada zake waliuza sehemu zao moja moja, na juu kule pana nyumba za vioo ambazo wenyewe huja mara moja kwa mwaka. Misheni kengele ipo, lakini njia ya mabibi wenye matenga imeota majani, pikipiki zimeichukua kazi yao. Wananijia na mimi pia, watu wenye adabu na viatu vizuri, wananiuliza nauza lini. Nawauliza wanataka karoti au kabichi.

Kinachoniuma si nyumba za vioo. Ni misiba. Siku hizi kuna turubai na spika, na kijana mwenye tai anasoma wasifu kwenye karatasi: alizaliwa, alisoma, aliajiriwa, ameacha watoto kadhaa. Hakuna anayezuia jeneza. Hakuna anayeuliza mama wa mama yake alikuwa nani. Mtani wangu alipokufa habari ilinifikia siku ya tatu. Nilikuta kaburi limeshasakafiwa kwa saruji, na wakwe wa mwanawe, watu wa mbali, walinitazama kama kichaa nilipoanza kumwita mchawi na mwizi wa mihogo. Mmoja akanishika mkono aniondoe. Nilimwambia auachie, na akauachia. Nilimtukana mtani wangu mpaka nikafika kwa mama yake wa tano, ndipo nikakaa.

Mtani ameacha mjukuu mmoja, mtoto wa binti yake, anasuka nywele karibu na soko Morogoro. Nilipomkuta mara ya kwanza nilimwambia kichwa chake kimeoza kama kabichi ya juzi. Aliinuka kwa heshima zote. "Shikamoo, mama. Samahani, nimekukosea nini?" Nilikwenda nyumbani nimevunjika moyo. Wiki iliyofuata nilirudi, nikamtukana tena, na wiki iliyofuata tena, nikamweleza kila mara mimi ni nani na kwa nini. Wateja wake wameshanizoea, wananisogezea kiti. Juzi, bila kuinua macho kwenye nywele za mtu, alisema, "Hivi mama, hiyo pua ulizaliwa nayo, au mlikwenda kuiazima mahali?"

Nilikaa pale kibandani, nikacheka mpaka nikafuta macho. Kisha nikaanza kumtajia mama zangu, na nikamwambia asikie vizuri, kwa sababu siku yangu ikifika sitaki kusomewa karatasi.