Omuramba wa Siku ya Kufungua Shule

Costansia hakamui ndizi. Ana migomba ya kutosha, ana mtumbwi wa mti wa kukamulia alioachiwa na mama mkwe wake, na miguu yake bado ina nguvu za kukanyagia. Lakini ukimwomba akukamulie omuramba, yale maji matamu ya ndizi kabla hayajachacha yakawa pombe ya rubisi, atakuonyesha nyumba ya jirani kwa kidole. Wageni hudhani ameokoka. Hajaokoka huyo, ni Mkatoliki wa siku zote na rubisi alikuwa akiinywa na wenzake vizuri tu. Lililomtoa kwenye mtumbwi ni jambo la Septemba ya mwaka sabini na nane, wiki chache kabla vita vya Kagera havijaanza.

Mwaka huo kulikuwa na kipindupindu. Redio ilikuwa imekwisha kusema kwamba ugonjwa huo unazunguka dunia nzima, nchi hadi nchi, na watu wa kijiji kile cha Nyakakika walisikiliza wakidhani dunia hiyo ni ya watu wengine. Mwezi wa nane ukaingia kwao. Katika wiki tatu walikufa watu tisa. Walizikwa na watu wa afya, wamefungwa kwenye nailoni, bila matanga, bila hata jirani kuruhusiwa kusogea na kutupa udongo. Shule ya msingi ikafungwa, na mbuzi wakaanza kulala madarasani.

Costansia hakufiwa. Kilichomkosesha usingizi kilikuwa kingine: binti yake Kantengwa alikuwa darasa la saba.

Lazima nieleze hapa, maana watoto wa siku hizi hawajui. Mtihani wa darasa la saba ulikuwa mara moja tu. Hukuruhusiwa kurudia, na asiyeufanya alikwenda kushika jembe, basi. Kantengwa alikuwa wa kwanza darasani tangu la tatu, akiwapita hata watoto wa walimu. Baba yake, Karekezi, alikuwa kibarua kwenye machimbo ya bati kule Kyerwa, na mama alilimia watu kahawa. Wazazi wa Costansia walikuja kutoka Rwanda na vikapu viwili, na yeye hakuwahi kukaa darasani hata siku moja. Kwa hiyo mtihani ule ulikuwa wake pia. Aliutaka kuliko alivyotaka bati la nyumba.

Ndipo ikaja barua kutoka wilayani: kijiji kilichokaa wiki mbili bila mgonjwa mpya kinaweza kufungua shule, ikiwa kamati ya shule na bwana afya watakubaliana na kutia sahihi. Mtihani ni Jumatano na Alhamisi. Kamati ikaitwa Jumamosi.

Walikutana uwanjani, kila mmoja na kigoda chake, wamekaa mbalimbali kama watu waliogombana. Hakuna aliyempa mwenzake mkono. Wajumbe walikuwa tisa, na mwanamke alikuwa Costansia peke yake.

Mzee Ndyamukama, mfugaji mwenye ng'ombe wengi kuliko wote pale, alisema kwanza, na alisema amesimama.

"Mimi nimezika mjukuu. Nimekosea, sikumzika, nimesimama mbali nikatazama watu nisiowajua wakimzika. Leo mnaniambia watoto mia mbili wakusanywe, wanywe mtungi mmoja, waende choo kimoja. Kwa ajili ya nini? Karatasi?"

Mwalimu mkuu, Anatory, alijaribu kumtuliza. "Mzee, darasa la saba wakikosa wiki hii wamekosa maisha yote."

"Na akifa mmoja amekosa nini? Nusu ya maisha?"

Bwana afya, kijana aliyeitwa Byabato, alikuwa ameinamia daftari lake bila kuandika kitu. Ilikuwa wazi kwamba wajumbe wamegawanyika katikati, wanne huku na wanne kule, na kwamba wote sasa wanamtazama Costansia. Hakuwa na mazoea ya kusema mbele ya wenye ng'ombe.

"Shikamoo mzee," alianza, ingawa walikuwa wameamkiana tangu asubuhi.

"Marahaba. Sema."

"Mzee, mjukuu wako nilimbeba mgongoni mimi, siku mama yake alipokwenda kliniki. Sisemi kwamba hakufa. Nasema ugonjwa unapita kwenye maji, bwana afya ametuambia, na maji tunaweza kuyachemsha. Kwangu nina madumu mawili. Lililofungwa kitambaa chekundu ni maji ya bondeni, hakuna anayeligusa kwa kunywa. Lingine ni la yaliyochemka. Wiki tano sasa, na hatujaharisha. Kila mtoto aje na kuni moja na kikombe chake. Pipa la shule lichemshwe kila asubuhi, mimi nitasimamia kwa zamu ya kwanza. Na nawaapia, mtoto akinywa maji mabichi katika shule hii, mje mnishike mimi."

"Tutakushika," alisema Ndyamukama. "Wewe una binti la saba. Ndiyo maana unasema."

"Ndiyo maana nasema," alijibu Costansia.

Wakapiga kura. Watano kwa wanne. Byabato akatia sahihi, akasema yeye mwenyewe atakuwapo Jumatatu, na kwamba akisikia mtoto mmoja tu amekunywa kitu kibichi, huyo atakaa kwao siku tano bila kukanyaga shule, awe nani. Ndyamukama akasema naye atakuja, kukaa na kutazama.

Costansia alirudi nyumbani miguu haigusi chini. Na furaha hiyo ndiyo iliyomponza.

Maana ilikuwa desturi, na bado ni desturi, kwamba mtu ambaye neno lake limekubaliwa barazani huwashukuru watu kwa kinywaji. Rubisi isingefaa shuleni, lakini omuramba hunywewa na kila mtu, mtoto na mwalimu. Alikuwa na mikungu ya ndizi iliyokuwa ikiiva shimoni. Jumapili baada ya sala aliimenya, akaitia mtumbwini na majani makavu, akaikanyaga akiimba. Ilipolainika akaongeza maji, kama alivyokuwa akiongeza tangu akiwa msichana. Akachuja, akajaza chungu, akakifunika kwa jani la mgomba na kulifunga kwa kamba, fundo lake la siku zote, mizunguko mitatu na mkia mrefu. Alfajiri ya Jumatatu alikwenda shuleni kuchemsha pipa kama alivyoahidi, akarudi nyumbani watoto walipoanza kufika. Kantengwa alikwenda na chungu kichwani, amevaa sketi iliyopigwa pasi.

"Usisahau kuonja," mama alikuwa amemkumbusha. Mwenye kuleta kinywaji huonja kwanza, ndipo wengine wajue hakina ubaya. Mtoto asiyefunzwa hilo huaibisha nyumba yao.

Saa tatu hivi Costansia alikuwa anasuuza mtumbwi. Akanyoosha mkono kuchukua dumu la bondeni. Likamjia jepesi. Alilijaza Jumamosi jioni, na hakuna aliyelifulia nguo. Akalitikisa. Kitambaa chekundu kilikuwa palepale shingoni, alipokifunga yeye mwenyewe.

Dumu lile lilikuwa limeishia mtumbwini.

"Mawe!" alisema, kama watu wa kule wanavyomlilia mama, akakaa chini kwenye maganda. Wiki tano hakuwahi kukosea. Maji ya kunywa aliyachemsha, ya kunawia mtoto aliyachemsha, hata ya paka. Lakini omuramba hakuuhesabu kuwa maji. Ndizi ni ndizi. Mikono ilikwenda kwenye dumu jekundu kwa sababu ndilo lenye maji ya kazi, na maji baridi ndiyo yanayotoa utamu. Nyakakika nzima isingeliona kosa hilo hata ungelifanya mbele yao mchana kweupe.

Akakimbia.

Njia ya shule inapanda. Alikimbia bila khanga ya begani, akipita watu waliomsalimu bila kuwajibu, jambo ambalo kwake lilikuwa kama kuwatukana. Mapumziko ni saa nne. Kengele ilikuwa rimu ya gari iliyotundikwa, na ikilia husikika mpaka bondeni. Kila hatua aliisubiri ilie. Alijiambia pia neno lingine, na hakuficha kwamba alijiambia: nikisema, watafunga shule. Nikisema, Ndyamukama atasimama. Nawaza kwamba ningekuwa mimi ningepunguza mwendo. Yeye hakupunguza.

Chungu kilikuwa kivulini, chini ya ukingo wa paa, hakijaguswa. Ndyamukama alikuwa ameketi karibu na fimbo yake. Byabato alikuwa penye pipa, akihesabu vikombe. Costansia hakumsalimu mtu. Alilichopoa jani pamoja na kamba yake, akakishika chungu kwa mikono miwili, akakipindua. Omuramba wote ukamwagika uwanjani, na nyuki wakaja.

"Una wazimu?" aliuliza Mwalimu Anatory.

"Maji ya bondeni," alisema akihema. "Nimetia maji ya bondeni. Nimesahau. Mimi."

Watoto walikuwa wametoka madarasani, kila darasa likipanga mstari wake. Ndyamukama aliinuka polepole, na Costansia akangoja lile neno lake. Lakini mzee alikuwa akitazama udongo unavyokunywa.

"Nani amekunywa?" Byabato aliuliza. Sauti yake ilipanda. "Nani? Semeni!"

"Hakuna," alisema Mwalimu Anatory haraka. "Kilikuwa kinangoja mapumziko. Kimekuja kimefungwa, nimekipokea kimefungwa."

Kweli kilikuwa kimefungwa. Costansia alikuwa bado na jani mkononi, na ndipo alipolitazama. Kamba ilikuwa na mizunguko miwili, na mkia mfupi.

Akainua macho. Kantengwa alikuwa amesimama mstari wa darasa la saba, mikono imebana kikombe kifuani. Alikuwa ameonja njiani, peke yake, kwa heshima zote, kama alivyofunzwa. Mtu mwingine hakujua. Mtoto alimtazama mama yake, akatikisa kichwa, kidogo sana, mara moja. Nakuomba, mama.

Costansia baadaye alisema kwamba muda ule ulikuwa mrefu kuliko uchungu wa kumzaa. Alihesabu Jumatatu mpaka Ijumaa. Jumatano ilikuwa ndani, na Alhamisi. Aliona kuta za shule ya sekondari ambayo hajawahi kuiona. Fundo ni fundo tu, nani anajua mafundo ya watu? Kisha akaona watoto waliosimama kulia na kushoto kwa Kantengwa, wamegusana mabega, na wa mwisho katika mstari alikuwa mjukuu mwingine wa Ndyamukama.

"Mwanangu amekunywa," alisema.

Kantengwa alitoka mstarini kabla hajaitwa. Alipita mbele ya mama yake bila kumtazama na kushika njia ya nyumbani. Kikombe alikiacha chini.

Shule haikufungwa. Byabato alisema hapana sababu, aliyekunywa ni mmoja na amejulikana. Jumanne jioni Ndyamukama, aliyekuwa amepinga kufungua shule kuliko wote, alikwenda kwa miguu yake mpaka alikofikia msimamizi wa mtihani, akamwomba mtoto apewe karatasi uani, chini ya mti, mbali na wenzake. "Waitu, bwana wangu, ni kwa sababu mama yake alisema ukweli," alimwambia. "Angenyamaza, mtoto angekuwa ndani." Msimamizi alimkaribisha kwa adabu, akamjibu kwamba kanuni haina mtihani wa uani.

Jumatano kengele ililia saa mbili. Kantengwa alikuwa amekaa kizingitini, na mama yake alikuwa ndani akimtazama mgongo. Tangu Jumatatu mama alikuwa amemtengea chumvi, sukari na maji yaliyochemka, na usiku alimgusa tumbo akidhani amelala. Alikuwa akimwombea Mungu asiugue. Alimwomba kwa machozi, mpaka magoti yakamwuma. Alhamisi kengele ililia tena. Ijumaa wenzake walipita njiani wakibishana majibu ya hesabu, na walipokaribia nyumba wakashusha sauti.

Jumamosi Byabato alikuja, akamtazama ulimi na macho, akasema mtoto ni mzima kabisa, hana dalili yoyote, wamshukuru Mungu. Costansia alimshukuru Mungu palepale, kwa sauti. Bwana afya akaondoka.

Kantengwa alikuwa hajazungumza na mama yake tangu Jumatatu. Alichukua dumu lenye kitambaa chekundu aende bondeni, akafika kona ya nyumba, akasimama.

"Mama," alisema, "kwa nini sikuugua?"