Kisu Kilichogawiwa Kwenye Kilio Changu

Kisu cha kukunja, kile chenye vyuma vingi ndani, hakichaguliwi kwa macho. Wauzaji wanavitandika kwenye meza, vinang'aa. Mtu anaona msumeno, mkasi, pense, turnevisi ya kukazia skrubu, anasema nimepata. Mi nakichagua kwa chuki. Kila ninachokitafuta kwenye kisu, nilifundishwa na ubaya wa mtu mmoja, naye ni shemeki wangu, mume wa mdogo wa mke wangu. Jina lake silitaji hapa. Mtaa wetu wote unajua ninamsema nani: mrefu, jino la mbele limevunjika, sauti yake nzuri kuliko zote kwayani. Wa pili ninayemchukia ni baba yangu mkubwa, ndugu wa marehemu baba. Naye nitamfikia.

Kisu changu cha kwanza nilikipata Kasaji, kwa mtu wa reli aliyekuwa anastaafu. Nilimpa kuku na baiskeli isiyo na mnyororo. Kilikuwa kizito, chuma kisichoshika kutu, na pense yake iling'oa msumari kwenye tairi ya pikipiki bila kupinda. Nilikazia taa ya kichwa kwa kisu hicho, nikakatia nyuzi za mifuko ya madini, na siku za mapumziko tukienda ziwa la Nzilo kuvua, nikapasulia samaki. Mke wangu alikuwa anawaambia wageni, "Bibi yake wa kwanza ni kile kisu. Mi ni wa pili."

Wasiojua mashimo yetu ya madini hapa Kolwezi, niwaeleze. Mmoja anashuka na kamba, mwingine anabaki juu ameishika. Na yule wa juu hashiki kwa mikono tu. Mwisho wa kamba una kitanzi, anakivaa kiunoni. Ndivyo tunavyofanya, ili shimo likimvuta aliye chini, limvute na aliye juu, asipate njia ya kukimbia. Kwa hiyo humpi kitanzi mtu yeyote. Mi nilimpa shemeki. Alikuwa analalamika kamba inamkata ngozi, akakishonea kitambaa cha kwaya, kile cha njano, ili kiwe laini.

Yeye huniita yaya, yaani kaka mkubwa. Asubuhi ya ajali kabla sijashuka akaniambia, "Yaya, niachie kisu, nifungue kopo ya sardini."

Nikamwachia.

Udongo uliteremka nyuma yangu, si wote, lakini ulitosha kufunga njia. Nilivuta kamba kumwambia anipandishe. Nikavuta tena. Kamba ikaja. Ikaja yote, laini, ikaniangukia kichwani pamoja na vumbi. Nikaipapasa gizani mpaka mwisho, nikashika kitanzi. Kizima. Kitambaa chake juu yake. Kitanzi hakitoki kiunoni kwa bahati mbaya. Mtu anakivua kwa mikono miwili, anakiteremsha kama suruali.

Mguu wangu ulikuwa umenaswa kwenye mfuko wa nailoni, uzi umejizungusha kwenye kifundo, na mfuko wenyewe umelaliwa na mawe. Nikatia mkono mfukoni kutafuta kisu. Nilikuwa nimesahau. Kisu kilikuwa juu, kwenye sardini. Uzi ule niliutafuna. Nikautafuna mpaka mdomo ukajaa damu, na kila nilipouma niliona uso wa shemeki anakula na mkate.

Nilitambaa na kamba yangu mpaka kwenye tundu la wachimbaji wengine, vijana waliotoka Kasai, hawanijui siwajui, ndio walionitoa. Wasionijua walinitoa. Andikeni hilo mioyoni. Wakanipeleka kwenye zahanati ya kambi yao, mbali na kwetu, nikalala huko na homa, sina simu, sina mguu wa kutembelea. Siku nilipoweza kukaa kwenye pikipiki, nikarudi nyumbani, na kamba yangu begani.

Nikakuta kilio. Turubai la bluu uani, viti vya kukodi, picha yangu juu ya kiti na kandili mbele. Mama mmoja aliyekuwa anabeba sufuria ya bukari, ugali wetu, aliniona, akaiachia, akapanda juu ya ukuta wa jirani. Mpaka leo hatujui alipandaje. Watu wanakimbia, wanaanguka, wengine wanaomba. Shemeki alikuwa katikati na kwaya, amefunga bendeji mikononi. Aliwaambia kamba ilikatika, alivuta mpaka ngozi ikatoka. Na kwenye mkanda wake, kisu changu.

"Yaya! Mungu ni mukubwa! Tulikulilia mpaka machozi ikaisha!"

"Nipe kisu yangu."

"Ee, Yaya. Unatoka ku kufa, neno ya kwanza ni kisu? Hata maji hauombi?"

Watu wakaanza kucheka, kicheko cha woga.

"Kisu," nikasema.

"Kile baba mukubwa alinipa hapa, mbele ya batu bote. Ile njo ukumbusho yako. Kitu ya kilio hairudi."

Baba mkubwa alikuwa amekaa kwenye kiti kizuri kuliko vyote. Ndiye aliyegawa vitu vyangu, na hakutaka watu waone kwamba aligawa vitu vya mtu aliye hai. Akakohoa. "Njo hivyo. Nilikitoa na mukono yangu. Ukikirudisha, unarudisha lufu mu nyumba."

"Lufu ya nani? Nani amekufa hapa?"

"Wewe," akasema, na watu wakacheka tena.

Nikawaonyesha kitanzi. Baba mkubwa akasema Mungu amekuokoa, usitafute makosa ya mtu siku ya furaha. Wakapiga ngoma. Binamu yangu alinirudishia shati bila kuulizwa. Viatu vilirudi, redio ilirudi. Kisu kilibaki kwenye mkanda ule, na uongo ukabaki kwenye mdomo ule. Kisu ningeweza kununua kingine. Nilichotaka tangu siku hiyo ni kimoja: aseme kwa kinywa chake kwamba alivua kitanzi.

Mguu ulipopona nusu, Jumamosi moja nikaenda sokoni kuchagua kisu kipya. Nilienda kwenye meza ya mama mmoja karibu na pale wakubwa wa timu wanapochukua watu wa kazi, kwa sababu shemeki hashindi mbali na pale. Kamba niliitia kwenye mfuko. Sikuichukua kwa bahati.

Nilichagua polepole. Kisu cha kwanza kilikuwa kizuri, lakini nikikandamiza ncha kwenye ubao, kinajikunja kurudi kwenye vidole; hakina kifunga. Nikakiacha. Cha pili pense yake inacheza kama jino bovu. Cha tatu kinataka kucha ndefu kukifungua, na mi natafuta kisu kinachofunguka kwa mkono mmoja, kwa sababu ule mwingine unaweza kuwa chini ya jiwe. Nikarudia cha kwanza, nikakiacha tena.

"Tata, unaoa ao unanunua?" mama akaniuliza.

"Ninaoa, mama. Bibi wa kwanza alichukuliwa na shemeki."

Wakacheka hadi wale wa nyanya. Na kicheko kikamleta mwenyewe, kama inzi.

"Yaya, usipoteze muda na hizi bitu bya bandia," akasema, akatoa kisu changu mkandani, akakifungua mbele ya watu. "Kisu njo hii. Angalia makali."

"Makali tunayaona kwa kukata," nikasema. Nikatoa kamba yote, nikaimwaga mezani. "Mama, nipe ile yenye mupini mweusi. Nitajaribia hapa. Lakini nisikate kitanzi."

Mkubwa mmoja wa timu, mzee ambaye amezika watu wengi wa mashimo, akanyoosha mkono akakichukua kitanzi. "Hii kamba ni ya wapi?"

"Ni ile iliyokatika na mimi chini."

Akaipitisha yote mkononi, pole pole, mpaka mwisho wa pili, wenye fundo langu. Akarudi tena mpaka kitanzi. "Ilikatika wapi?"

Nilikata kipande kutoka upande wa fundo. Kisu cha mpini mweusi kikapita kama kwenye siagi.

"Ile njo kamba ingine," shemeki akasema.

Mzee akasugua kile kitambaa cha njano kwa kidole gumba. "Na hii? Batu ba kwaya banaivaa ku kiuno siku hizi?"

Hakuna aliyecheka. Shemeki akakunja kisu, akakosea, kikamkata. Akaondoka akinyonya kidole. Mi nikalipa cha mpini mweusi.

Tangu Jumamosi ile hakuna timu iliyompa kamba. Anafika alfajiri, wanamtazama kiuno, wanachukua mwingine. Mimi sikumsemea neno popote. Sikuwa na haja.

Mke wake alikuja kwetu. Alinikuta nakata mihogo uani, akapiga magoti kwenye maganda.

"Yaya, tafazali. Batoto banakula mara moja ku siku. Waambie tu unamusamehe. Banakusikia weye."

Mke wangu alisimama mlangoni akanitazama. Huyo ni mdogo wake, tumbo moja.

"Aseme mwenyewe," nikasema. "Si kwangu. Asubuhi, pale wakubwa ba timu banasimama. Aseme alivua kitanzi. Mtu akisema kweli, watu wanaona ni mtu."

Akanishika mikono, akanibusu vidole. Aliona nimemfungulia mlango.

Shemeki alisema. Jumatatu, mbele ya wote, na baba mkubwa alikuja kwa miguu yake kusikia. "Udongo ulitikisika, nikaogopa, nikavua." Nikamwambia sauti ya kwaya iko wapi, walio nyuma hawasikii. Akarudia kwa nguvu. Baba mkubwa alitazama viatu vyake. Kisha shemeki akaninyooshea kisu changu cha zamani. Nikakifungua: msumeno umeng'oka meno, pense imelegea, kuna mafuta ya samaki kwenye bawaba. Hakijatunzwa. Nikamrudishia, kisu kama hicho sikichagui.

Yule mzee akamwambia, "Aksanti kwa kweli yako." Akachukua mtu mwingine.

Kwa sababu mtu anayeshukiwa tu, labda siku moja mmoja angejaribu kumwamini. Mtu aliyesema mwenyewe "nikaogopa, nikavua", nani atashuka shimoni kamba ikiwa kiunoni mwake? Hapa Kolwezi, hata kama dunia itaisha, hakuna. Mke wake alielewa siku hiyo hiyo. Alinifuata njiani.

"Yaya, ulijua."

"Nilijua," nikasema.

Sasa shemeki anasukuma makala, makaa ya kupikia, kwa baiskeli, na mdogo wa mke wangu haingii tena uani kwetu. Jioni mke wangu ananitengea bukari na samaki, anaweka maji ya kunawa, anaingia ndani, anafunga mlango. Nanawa, nakula.